Helsinki hadi Tokyo: Saa Zinazopangwa na Mipaka

Kwa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, Helsinki na Tokyo zimeachana kwa takriban kilomita 7,800. Umbali huo haujaongezeka wala kupungua, ila muda wa kuusafiri umepungua kisha ukarudi ulikotoka. Mwaka 1983, shirika la Finnair lilipoanza kuruka kati ya miji hiyo bila kutua njiani, kwa ndege aina ya DC-10, safari ilichukua saa 13 hivi. Baadaye ikashuka chini ya saa 10. Tangu 2022 imerudi kwenye saa 13, ingawa ndege za leo ni bora kuliko zile. Hii ina maana kwamba muda wa safari ndefu huamuliwa kwanza na wenye nchi zilizo chini, ndipo mhandisi na rubani wapate nafasi yao.

Mkataba wa Chicago wa 1944 ulitamka kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Mstari mfupi kutoka Ulaya ya Kaskazini kwenda Japani unakatiza Siberia, na wakati wa Vita Baridi Umoja wa Kisovieti uliwafungia njia hiyo wengi wa wasafirishaji wa Magharibi. Ndiyo maana Februari 1957 shirika la SAS lilianza kuruka kutoka Copenhagen hadi Tokyo kwa kuzunguka kaskazini, likitua Anchorage, Alaska. Ndege za pangaboi aina ya DC-7C zilitumia saa 32 hivi, wakati njia ya kusini mwa Asia ilizidi saa 50. Kwa miaka mingi abiria waliteremka Anchorage ndege ikijazwa mafuta, wakala tambi za udon za moto, wakamtazama dubu wa barafu aliyekaushwa, kisha wakapanda tena. Anga la Siberia lilipofunguliwa, abiria hao wakatoweka.

Atakayepinga atasema teknolojia ndiyo iliyofupisha safari. Ni kweli kwamba jeti zilipunguza sana saa za pangaboi. Lakini kasi ya jeti za abiria imebaki karibu kilomita 900 kwa saa tangu miaka ya 1960, kwa hiyo haiwezi kueleza tofauti ya saa tatu na zaidi iliyozuka ndani ya wiki chache mwaka 2022. Mwingine atataja upepo. Upepo mkali wa juu hutofautisha safari ya kwenda na ya kurudi, ila haukubadilika Februari 2022. Kilichobadilika ni kwamba Urusi iliivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ukafunga anga lake kwa ndege za Urusi, na Urusi ikajibu kwa kufunga lake. Finnair ikalazimika kuzunguka, mara juu ya Ncha ya Kaskazini kwa karibu kilomita 13,000, mara kupitia Asia ya Kati.

Ushahidi mzito zaidi unatoka China. Mashirika yake hayakufungiwa, na mpaka sasa yanakatiza Siberia kwenda Ulaya, yakitumia ndege za viwanda vilevile vinavyowauzia Wazungu. Basi anayetaka kujua safari itachukua saa ngapi asianze na kasi ya ndege; aulize kwanza ni nani amekubali ipite.