Simu Moja, Sura Mbili: Jinsi Android Ilivyogawanyika

Desemba 2011 Samsung iliwapa wenye simu za Galaxy S jibu ambalo hawakulitegemea. Android 4.0 ilikuwa imeshatoka, watu wanaisubiri kwa hamu, na simu yao ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu. Haiji, wakaambiwa. Kumbukumbu ya simu haitoshi kubeba mfumo mpya pamoja na TouchWiz, yaani ile sura ya Samsung yenyewe iliyowekwa juu ya Android.

Jibu hilo lingepita kimyakimya kama si simu nyingine. Mwaka mmoja kabla yake, Samsung hiyohiyo iliitengenezea Google simu iitwayo Nexus S. Prosesa ya gigahezi 1 kama ya Galaxy S, RAM ya MB 512 kama ya Galaxy S. Tofauti kubwa ni kwamba Nexus S ilibeba Android tupu, kama ilivyotoka mikononi mwa Google. Na mwezi uleule wa Desemba 2011, Nexus S ikaanza kupokea Android 4.0. Haukupita muda mrefu, mafundi wa kujitolea wa mradi wa CyanogenMod wakaiingiza Android hiyo kwenye Galaxy S iliyokataliwa, na simu ikawaka.

Kwa wapenzi wa simu kesi ilikuwa imekwisha. Kilichowanyima mfumo mpya ni mapambo. Tangu hapo, ukimuuliza mtu anayejiona mjuzi wa simu, atakujibu bila kufikiri: chukua yenye Android tupu, hizo nyingine zimejazwa takataka. Utaisikia kauli hiyo Kariakoo na utaisikia Luthuli Avenue, na mara nyingi ina ukweli ndani yake. Ila ukiifuatilia habari hii tangu mwanzo, utaona kwamba Android tupu inayosifiwa ilizaliwa na mapungufu mengi, na walioyaziba ni haohao wanaolaumiwa kwa kupamba.

Android ilianza kama kampuni ndogo huko Palo Alto, California, mwaka 2003, ikianzishwa na Andy Rubin na wenzake. Google iliinunua mwaka 2005. Novemba 5, 2007 ikatangaza umoja wa kampuni 34, zikiwemo za simu, za chipu na za mitandao, zitakazousukuma mfumo huo. Cha kuzingatia zaidi ni leseni. Kiini cha Android ni Linux, na leseni ya Linux humtaka anayeibadilisha na kuisambaza aweke wazi alichobadilisha. Sehemu kubwa ya mfumo uliobaki, Google iliitoa kwa leseni ya Apache, ambayo haina sharti hilo: chukua, badilisha, uza, na ulichoongeza kibaki siri yako. Bila ruhusa hiyo, sioni Samsung, HTC au Motorola wangeingia kwa sababu gani. Nani atatia mtaji kwenye simu inayofanana na ya jirani yake kwa kila kitu, mnunuzi asiwe na cha kulinganisha ila bei?

Simu ya kwanza, T-Mobile G1, ilitengenezwa na HTC ya Taiwan ikaingia sokoni Marekani Oktoba 2008. Hiyo ndiyo Android tupu ya awali kabisa, na mtu wa leo akiishika ataduwaa. Haikuwa na kibodi ya kwenye kioo. Ukitaka kuandika ujumbe, unasukuma kioo pembeni ili kibodi ya vitufe ijitokeze chini yake. Kibodi ya kioo ilikuja na toleo 1.5, Aprili 2009. Kukuza picha kwa kutanua vidole viwili, jambo ambalo mtoto wa miaka miwili hufanya leo bila kufundishwa, hakukuwepo.

HTC hawakungoja. Katikati ya 2009 wakatoa Hero, simu yao ya kwanza ya Android yenye sura waliyoiita Sense. Juu ya ukurasa wa kwanza kulikaa saa kubwa ya tarakimu za kupinduka, pamoja na hali ya hewa. Vidole viwili vikaanza kufanya kazi kwenye kivinjari. Majina ya kwenye simu yakaunganishwa na Facebook ya wenyewe. Ilipendeza. Lakini Google ilipotoa Android 2.1 mnamo Januari 2010, wenye Hero walisubiri hadi katikati ya mwaka, kwa kuwa kila toleo jipya liliwalazimu HTC kuipachika Sense upya na kuijaribu upya. Motorola nao walileta Motoblur, ambayo haikupendwa na haina haja ya kutuchelewesha.

Huku kwetu mambo yalichukua njia nyingine, na hapa ndipo kauli ya "tupu ni bora" inapoanza kuchechemea. Simu ya Android iliyowafungulia mlango Wakenya wengi ni Huawei IDEOS, iliyouzwa na Safaricom mwaka 2011 kwa bei ya dola 80 hivi. Ilikuwa na Android 2.2, karibu tupu kabisa. Ilikuwa pia na laini moja. Mtu wa Nairobi au Mwanza mwenye M-Pesa kwenye laini hii, bando la bei nafuu kwenye laini ile, na ndugu waliotawanyika mitandao yote, alilazimika kuendelea kubeba kitochi mfuko wa pili.

Na lawama haikuwa ya Huawei peke yao. Android yenyewe haikujua habari ya laini mbili. Google iliiweka rasmi kwenye toleo 5.1, Machi 2015, zaidi ya miaka sita baada ya G1. Kabla ya hapo kila simu ya Android ya laini mbili iliyouzwa Afrika Mashariki, na zilikuwa nyingi, ilikuwa Android iliyochezewa. Watengenezaji, wakisaidiwa na kampuni za chipu kama MediaTek ya Taiwan, waliifumua sehemu ya kupiga simu wakaandika yao: laini ipi ipige, ipi ibebe intaneti, jina gani litokee ujumbe ukiingia. Mhandisi wa California mwenye laini moja ya mkataba hakuwa na sababu ya kuliwazia jambo hilo. Tecno waliliwazia, na walipouza simu kwa wingi hawakuuza kwa bahati.

Mifano mingine ipo. Kugawanya kioo ili programu mbili zionekane pamoja Samsung waliiweka kwenye Galaxy Note II mwaka 2012, Android ikaifuata na toleo 7.0 mwaka 2016. Kurekodi kinachoendelea kwenye kioo kulikuwemo kwenye MIUI ya Xiaomi miaka kadhaa kabla Google hawajakuweka kwenye Android 11, mwaka 2020. Na MIUI yenyewe ina historia ya kuchekesha: ilitoka Agosti 2010 kama mfumo wa kuflashi kwenye simu za kampuni nyingine, mwaka mzima kabla Xiaomi hawajatoa simu yao ya kwanza. Sura ilitangulia, simu ikafuata.

Google nao waliyaona haya na hayakuwafurahisha. Januari 2012 waliweka sharti kwamba simu ya Android 4.0 yenye duka lao la programu lazima ibaki na mwonekano wa Holo, ule wa Android yenyewe, bila kuguswa, ili programu zisivurugike kila zikihamia simu nyingine. Mei 2013 wakatangaza Galaxy S4 isiyo na TouchWiz, kwa dola 649. Wapenzi wa Android tupu walishangilia, na wengi wao nadhani walishangilia tu bila kununua, kwa sababu mpango huo haukuwa na maisha marefu. Anayeweza kutoa dola 649 kwa mkupuo si yule anayeumizwa na simu iliyojaa.

Jaribio la maana zaidi lilikuwa Android One. Ilizinduliwa India Septemba 2014 kupitia Micromax, Karbonn na Spice. Wazo lilikuwa zuri: simu ya bei ya chini, mfumo tupu, masasisho yanayosimamiwa na Google. Agosti 2015 ikaja Afrika kupitia Infinix Hot 2, iliyopangiwa nchi sita, Kenya ikiwemo pamoja na Nigeria, Ghana, Misri, Morocco na Ivory Coast, kwa bei iliyoanzia chini ya dola 90. Kwa mara ya kwanza mtu wa kipato cha kawaida angeweza kununua Android tupu mpya na kuahidiwa kwamba haitatelekezwa.

Mwaka uliofuata, Infinix wakaanza kuziwekea simu zao sura yao, XOS. Tecno, ambao ni ndugu zao chini ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, wakaja na HiOS mwaka huohuo wa 2016. Ukiuliza kwa nini mtu aiache Android tupu baada ya kuionja, jibu usilitafute kwenye urembo. Simu ya bei ya chini humwachia mtengenezaji faida ndogo sana. Ila ikishakuwa mkononi mwa mteja, kila aikoni kwenye ukurasa wa kwanza ina thamani: Boomplay, Palm Store, kivinjari cha Phoenix, vyote vya nyumbani kwa Transsion au vya washirika wao. Ni sawa na kununua nyumba ukakuta wapangaji wameshaingia, kodi inakwenda kwa aliyekuuzia, na kuwatoa huwezi.

Huwezi kweli. Ukiibonyeza aikoni kwa muda mrefu, menyu hukupa "zima" pale ulipotarajia "futa", na programu huendelea kukalia nafasi yake. Kwenye simu ya GB 16, ambayo mfumo wenyewe umeshachukua sehemu kubwa, hapo ndipo picha za harusi zinapoanza kufutwa ili WhatsApp ipate pa kupumulia. Januari 2020 mashirika zaidi ya 50, yakiongozwa na Privacy International, yalimwandikia Sundar Pichai wa Google yakitaka mtumiaji aweze kuzifuta programu hizo moja kwa moja. Agosti mwaka huo ikafichuka habari mbaya zaidi: simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zilikutwa na virusi vya Triada na xHelper, vilivyokuwa vikiwaunganisha watu na huduma za kulipia wasizoziomba na kula salio lao. Transsion walisema vilipenyezwa na mtu wa kati kwenye mnyororo wa ugavi, bila kumtaja.

Baada ya hapo mtu angeweza kuapa kwamba tupu ndiyo salama. Lakini tuwatazame Xiaomi. Mwaka 2017 walitoa simu ileile kwa majina mawili: Mi 5X yenye MIUI na Mi A1 yenye Android One. Sidhani kama kuna ulinganisho safi kuliko huo. Mi A1 ilipendwa sana, ikazaa Mi A2 na Mi A3. Kisha, mwishoni mwa 2020, sasisho la Android 11 likaja kwenye Mi A3 na kuziua simu: zilizimika zikakataa kuwaka. Mfumo ulikuwa tupu. Aliyeutayarisha kwa ajili ya simu hiyo hakuupima ipasavyo. Mi A4 haikuja.

Kilichopunguza ugomvi huu kilifanyika ndani ya mfumo, pasipoonekana. Mwaka 2017, kwa Android 8.0, Google walitenganisha sehemu ya mfumo inayozungumza na chipu na sehemu nyingine zote, ili mtengenezaji asilazimike kuanza sifuri kila toleo likitoka. Samsung nao wakaizika TouchWiz, na Novemba 2018 wakaonyesha One UI, iliyoshusha vitufe hadi kidole gumba kinapofika. Januari 2024, kwa Galaxy S24, wakaahidi masasisho ya miaka 7, sawa na Google walivyoahidi kwa Pixel 8 miezi michache kabla. Kampuni iliyoinyima Galaxy S mfumo mmoja mpya sasa inaahidi saba, na mapambo yapo palepale.

Na Android tupu iko wapi? Simu za Pixel ambazo wengi huziita tupu hazijawa hivyo tangu zilipoanza mwaka 2016. Zina sura yake Google, na baadhi ya vitu vyake havipatikani kwenye msimbo ulio wazi.

Upande wa bei ya chini, Google walileta toleo jepesi, Android Go, Desemba 2017, kwa simu za RAM ya GB 1 au pungufu. Transsion walilipokea, wakaliweka kwenye Tecno Pop, kisha wakaweka HiOS juu yake. Ukiishika simu ya namna hiyo dukani, nenda kwenye Mipangilio, shuka hadi "Kuhusu simu". Utakuta toleo la Android, toleo la HiOS, na tarehe ya kiraka cha usalama cha mwisho. Muuzaji atakuwa anakuhimiza uangalie kamera. Soma kwanza hiyo tarehe, na ikiwa ni ya mwaka juzi, omba ya kampuni nyingine, iwe imepambwa au haijapambwa.