Puffing Billy: Reli ya vilima vya Dandenong iliyodhaminiwa na abiria wake

Desemba 18, 2025, reli ndogo ya Gembrook, mashariki mwa jiji la Melbourne nchini Australia, ilitimiza miaka 125 tangu kufunguliwa. Wengi hawaijui kwa jina hilo. Wanaijua kwa jina la treni yake, Puffing Billy, garimoshi la mvuke linalopanda vilima vya Dandenong kati ya mikaratusi mirefu na makangaga yaliyokua kama miti. Mkazi wa Melbourne hutoka mjini asubuhi, mchana akawa msituni, na jioni akalala kwake. Ndivyo vizazi kadhaa vimefanya.

Kwa mgeni anayekaa dirishani mwa behewa la wazi, miguu ikining'inia nje kama desturi ya hapo inavyoruhusu, ni vigumu kujua kwamba njia anayopita ilifungwa rasmi mwaka 1954. Wenye reli walikuwa wameshaitoa kwenye hesabu zao. Ipo leo kwa sababu raia wa kawaida, wasio na cheo wala hisa ndani ya reli, walisema watalipa hasara yake.

Mwanzo wa reli hii ni ukata. Katika miaka ya 1880 koloni la Victoria lilikuwa likijenga reli kila upande. Sheria ya mwaka 1884 iliidhinisha njia nyingi kiasi kwamba watu wakaipachika jina la pweza. Mwaka 1893 benki zikafunga milango, fedha zikakauka, na wakulima wa vilimani, waliokuwa na viazi na mbao za kupeleka sokoni, wakabaki na barabara za matope. Reli kuu za Victoria zina upana wa milimita 1,600. Kupitisha reli pana hivyo kwenye makorongo ya Dandenong kungehitaji kuchimba na kujaza kwa gharama ambayo hazina isingeimudu. Baada ya mabishano marefu, uamuzi ukawa kujenga njia nyembamba za milimita 762, ambazo zingezunguka kilima badala ya kukikata. Zikajengwa nne: ya Whitfield mwaka 1899, ya Gembrook mwaka 1900, ya Beech Forest mwaka 1902 na ya Walhalla mwaka 1910.

Njia ya Gembrook ilianzia Upper Ferntree Gully, chini ya vilima, na kupanda kilomita 29. Sehemu nyingine zina mwinuko wa mita moja kwa kila mita 30, na kona zake ni kali mno kwa treni ya kawaida. Daraja la mbao la kijito cha Monbulk, lenye urefu wa takriban mita 90 na umbo la upinde, bado linapitisha treni hadi leo. Vichwa viwili vya kwanza vya treni vilinunuliwa kutoka kiwanda cha Baldwin, Philadelphia, Marekani. Mafundi wa karakana ya Newport, Melbourne, wakatazama jinsi vilivyoundwa, wakatengeneza vingine 15. Kufikia mwaka 1915 vilikuwa 17, na 6 kati yake vipo mpaka sasa.

Shehena ilikuwa ya shamba na msitu: magogo, mbao, viazi, matunda, na miche. Huko Emerald, mojawapo ya vituo vya njia hii, Carl Nobelius, mhamiaji kutoka Sweden, alikuwa na kitalu cha miti ya matunda kilichohesabiwa kati ya vikubwa kabisa katika nusu ya kusini ya dunia. Alijengewa kituo chake kando ya reli, na miche ikafungwa hapohapo kwenda bandarini na ng'ambo. Banda lake la kufungia miche lipo bado. Siku za mapumziko, treni ileile ilibeba watu wa mjini na vikapu vyao vya chakula, na mwishoni mwa muongo wa 1910 yakaundwa mabehewa ya wazi ubavuni kwa ajili ya watalii hao. Baadaye yakaja malori, yakachukua viazi. Magari madogo yakachukua watalii. Hadithi hiyo Waafrika Mashariki tunaifahamu.

Agosti 1953, udongo uliporomoka kati ya Selby na Menzies Creek na kuifukia njia. Kwa Shirika la Reli la Victoria, tukio hilo lilikuwa kama jibu. Njia ilikuwa ikipata hasara miaka mingi, na sasa palikuwa na sababu ya kutotumia hata senti kuifukua. Mwaka uliofuata ikatangazwa kufungwa.

Kilichofuata hakikuwa kwenye mipango ya shirika. Watu walioacha kuipanda treni walipoambiwa haipo tena, walianza kuitaka. Desemba 1954, gazeti moja la jijini liliandaa safari za kuaga katika sehemu ya chini ambayo haikufukiwa, kati ya Upper Ferntree Gully na Belgrave. Wazazi wakaja na watoto wao ili angalau waseme wamewahi kuipanda. Wakaja wengi mno. Safari za kuaga zikazaa safari nyingine, na mwaka 1955 kikaundwa chama cha kuihifadhi Puffing Billy.

Chama hicho kingeweza kuandika barua za malalamiko na kuishia hapo, kama vyama vingi vinavyofanya. Hakikufanya hivyo. Kilikwenda kwa shirika na ahadi ya fedha: treni iendelee kukimbia, na ikitokea hasara, chama kitalipa. Shirika lililokuwa likitumia neno hasara kufunga mlango likakosa la kusema. Treni ikaendelea, ikijaa siku za mapumziko, kwa dhamana ya watu walioipenda. Nimesoma historia ya reli nyingi, za huku kwetu na za kwingine, na sikumbuki ombi jingine lililomwekea mtoa maamuzi jambo wazi namna hii mezani.

Lakini dhamana hiyo haikutosha. Melbourne ilikuwa ikipanuka kuelekea vilimani, na Serikali iliamua kuipanua njia ya kwenda Belgrave iwe na upana wa reli kuu, ipitishe treni za umeme za wafanyakazi wa mjini. Huwezi kuulaumu uamuzi huo, kwani wakazi walihitaji usafiri wa kila siku. Februari 1958, treni ndogo ikafanya safari yake ya mwisho katika kipande hicho. Chama kikajikuta kimebanwa pande zote mbili: chini, njia imechukuliwa, juu ya Belgrave, njia ipo ila imelala miaka mitano, mataruma yanaoza, vichaka vimefunika reli, na mbele kuna lile rundo la udongo la mwaka 1953.

Hapo ndipo watu wenye heshima zao huhitimisha shughuli kwa hotuba, wakaomba kichwa kimoja cha treni kiwekwe kwenye bustani kama kumbukumbu. Hawa walichukua majembe. Jumamosi na Jumapili, makarani, walimu na mafundi walipanda Belgrave kufyeka, kung'oa mataruma mabovu na kupachika mengine. Maporomoko ya udongo yalikuwa nje ya uwezo wao. Kwa kazi hiyo waliwapata wahandisi wa jeshi la akiba, walioichukua kama zoezi la mafunzo na kuichongea reli njia mpya ya kupita kando ya rundo lile. Julai 28, 1962, treni ya mvuke ikatoka Belgrave hadi Menzies Creek.

Mengine yalikwenda kwa mwendo wa watu wanaojitolea, yaani polepole. Emerald ilifikiwa mwaka 1965, ziwani Lakeside mwaka 1975. Mwaka 1977 bunge la Victoria likatunga sheria iliyoiweka reli chini ya bodi ya umma, huku wanachama wakiendelea kuwa madereva, wachochea moto, wakata tiketi na mafundi. Gembrook, mwisho wa njia ya zamani, ilifikiwa Oktoba 1998. Tangu safari za kuaga, ilikuwa imepita karibu miaka 44. Kabla ya janga la Uviko, reli hii ilikuwa ikibeba karibu watu nusu milioni kwa mwaka.

Mwaka 2018 ulikuwa mgumu. Machi, basi dogo liligonga treni kwenye kivuko cha barabara, na desturi ya kukaa dirishani na miguu nje ikasimamishwa. Umma ukapaza sauti hadi iliporejeshwa baada ya mabehewa kukaguliwa. Jambo zito zaidi lilikuwa ripoti ya Ombudsman wa Victoria, iliyoonyesha kwamba mtu aliyewahi kufungwa kwa kosa la kumdhalilisha mtoto aliachwa ashike nafasi katika reli hii kwa miaka mingi. Hilo ni sehemu ya historia yake na lazima lisemwe kila inaposifiwa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kuliko anavyodhani. Mikaratusi ya Dandenong ni jamaa wa ile iliyoletwa Kenya kuanzia mwaka 1902 ili kuni zake zilishe matanuri ya treni za Reli ya Uganda. Puffing Billy inacho kichwa aina ya Garratt, G42, kilichoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester na kuanza kazi mwaka 1926. Boila yake imebebwa katikati ya seti mbili za magurudumu ili mashine ndefu iweze kupinda kwenye kona za milimani. Kiwanda hichohicho, mwaka 1955, mwaka ambao wananchi wa Melbourne waliweka dhamana kwa ajili ya treni yao, kilianza kuiletea Reli ya Afrika Mashariki Garratt za daraja la 59. Zilikuwa 34, zenye nguvu kuliko mashine nyingine zozote za mvuke za reli ya upana wa mita moja, kila moja ikiwa na jina la mlima wa kwetu. Namba 5918, Mount Gelai, iliyopewa jina la mlima ulio kando ya Ziwa Natron, imo katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Mtoto wa shule anaweza kuigusa. Kuisikia ikipanda mlima na mabehewa nyuma yake ni jambo analosimuliwa na babu.

Tulikuwa pia na Dandenong yetu. Wajerumani walijenga reli ya milimita 750, tofauti ya upana wa kidole kimoja tu na ile ya Gembrook, kutoka Tengeni karibu na Muheza hadi Sigi, chini ya Amani, Usambara Mashariki. Ilikuwa ya muongo uleule, ya kazi ileile ya kushusha mbao kutoka msituni. Reli zenyewe ziling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi imesalimika, na ndiyo kituo cha taarifa cha wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Anayekwenda Amani leo anafika kwa gari, anasoma maelezo ukutani, anaendelea kupanda. Mimi naona hasara hapo. Msitu wa Amani una vipepeo, vinyonga na miti ambayo Dandenong haina, na Tanga ina watu wanaoijua reli vizazi na vizazi. Sijasikia aliyewahi kuwauliza wangekuwa tayari kudhamini nini.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili walio Melbourne, nao si wachache, wakiwemo Wakongo, Warundi na Wakenya, safari ya siku moja ni rahisi kuipanga. Treni ya umeme hutoka stesheni ya Flinders Street hadi Belgrave kwa saa moja na ushei, ikipita palepale ilipokuwa njia iliyopotea mwaka 1958. Stesheni ya mvuke ipo hatua chache kutoka hapo. Tiketi inunuliwe mapema, hasa siku za likizo. Mwenye watoto wadogo atosheke na Lakeside, kama saa moja kwa treni, ambako kuna bustani na ziwa. Gembrook inakula siku nzima na inafaa kwa anayetaka kuona mashamba baada ya msitu. Juu huko baridi huzidi ya mjini, kwa hiyo koti lisisahauliwe. Siku za joto kali, moto unapopigwa marufuku, vichwa vya dizeli huvuta mabehewa badala ya mvuke. Wenyeji hawalalamiki, kwa kuwa Cockatoo, kijiji kilicho kwenye njia hiyohiyo, kilipoteza mamia ya nyumba katika moto wa Februari 1983. Anayetaka kuona mvuke achague miezi ya baridi au majira ya kupukutika kwa majani, na siku yoyote isipokuwa Krismasi. Siku hiyo moja wafanyakazi wote hukaa nyumbani.