Persepolis
Persepolis (kwa Kiajemi: Takht-e Jamshid) ni magofu ya mji wa kifalme wa Uajemi ya Kale, karibu na Shiraz katika mkoa wa Fars, kusini mwa Iran. Ujenzi ulianzishwa na mfalme Dario I mnamo mwaka 518 KK na kuendelezwa na mwanawe Xerxes I pamoja na waliomfuata.

Majumba yalijengwa juu ya jukwaa la mawe lenye eneo la takriban mita za mraba 125,000. Ukumbi mkubwa, Apadana, ulikuwa na nguzo 72, na 13 kati yake bado zimesimama. Michongo kwenye ngazi zake inaonyesha wajumbe wa mataifa 23 wakimletea mfalme zawadi: ngamia, farasi, vyombo na nguo.

Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa mwaka 1933 yana hesabu za serikali kwa lugha ya Kielamu. Yanataja posho za shayiri na divai walizopewa wafanyakazi. Akina mama waliojifungua waliongezewa posho.

Aleksanda Mkuu aliuteka mji mwaka 330 KK, na majumba yakateketezwa kwa moto. UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1979.