Bukari ya wazee, na utamu wa siku kubwa

Katika mikutano ya kikundi chetu hapa Lubumbashi, neno moja linarudi kila mara: "Bukari ndiyo chakula cha wazee." Basi mama mmoja wa kwetu alipimwa, akakutwa na ugonjwa wa sukari, na muuguzi akamwambia aache bukari kabisa. Alirudi akilia. "Nikiacha bukari, nitabakia Mluba wa namna gani?" Tulishindwa kumjibu. Ndipo tukaanza kuuliza: bukari ya wazee ilikuwa ipi hasa?

Wazee wa zamani wa Katanga walilima mtama na ulezi. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika. Wareno walivileta pwani ya Atlantiki baada ya mwaka 1500, vikaingia ndani polepole, kijiji kwa kijiji. Ulezi ni mbegu ndogo sana, hauwezi kuuondoa ganda. Ulisagwa mzima juu ya jiwe, ndiyo maana bukari yake iko nyeusi-nyekundu na inakaa tumboni muda mrefu. Tena haikuliwa peke yake: kulikuwa sombe, maharage, samaki wa mto, na vinkubala kwa musimu wake.

Bunga nyeupe ya kila siku ilikuja na shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Elisabethville mwaka 1910, na gari-moshi likaleta bunga ya mahindi kutoka Rhodesia kulisha wafanyakazi. Kwenye kampi watu walipanga mstari kupokea posho. Lakini mahindi matupu yanaleta pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini, ngozi inachubuka na akili inachanganyikiwa. Basi posho ikaongezwa maharage, karanga, nyama, samaki mkavu na mafuta ya mawese. Kampani haikufanya hivyo kwa upendo: mtu mgonjwa hachimbi shaba.

Mwaka 1967 serikali ilichukua kampani, na posho ikaendelea. Miaka ya 1990 kazi zilipoanguka, nyumba nyingi zilibakia paka na bunga. Bukari kubwa kama mlima, mboga kidogo pembeni: kumbe hiyo si mila, ni umaskini tuliouzoea.

Na utamu? Ulikuwako. Asali ya porini, na munkoyo: uji wa mahindi unaotiwa mizizi iliyopondwa, na mizizi hiyo inageuza wanga kuwa sukari, hata kinywaji kinakuwa kitamu bila kununua kitu. Munkoyo ilipikwa kwa ndoa, kwa mavuno, kwa mgeni mkubwa. Sisi leo tunakunywa chai ya sukari vijiko vitano na mikate ya mafuta kila asubuhi, halafu tunalaumu bukari!

Tulimsindikiza mama kwa muuguzi mwingine. Huyu alimwambia: bukari usiiache, punguza tonge, jaza sahani na sombe na maharage, changanya bunga na ulezi, sukari ya chai iondoke. Munkoyo ya ndoa? Kikombe kidogo, akasema, na kipimo cha damu kisisahauliwe.

Mama sasa ananunua ulezi sokoni. Siku ya kwanza wajukuu walikataa: "Tate, hii iko na udongo?" Juzi tulipomtembelea walikuwa wanagombania ukoko wa sufuria.