Jiwe la Kizimkazi

Bango langu la kwanza niliharibu. Lilikuwa la duka la vitambaa, Darajani, mjini Unguja. Nilianza na herufi nono, za kujionyesha. Kufika mwisho wa ubao, herufi zimebaki nne na nafasi ni ya mbili. Mwenye duka alikataa kulipa. Fundi wangu hakunigombeza. Ijumaa ile alinipakia kwenye gari la shamba hadi Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. "Twende, mwanangu, ukamwone aliyepima kabla hajashika patasi."

Kwa nje msikiti ule haukuiti: kuta nyeupe, paa la bati. Ingia ndani, utazame kibla. Pale pana maandishi ya Kiarabu ya hati ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Herufi zimesimama wima, zimebanana kama ukili, na ncha zake zinachanua majani. Palipobaki pengo, jani limeingia. Mimi niliyehitimu msahafu chuoni nilijaribu kusoma nikakwama neno la pili, ila macho hayakutaka kuondoka.

Aliyeamuru ujenzi ametajwa humo: Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad. Aliyechonga hakutajwa, kama ilivyo ada ya kazi yetu. Mwaka 1922 mtaalamu Samuel Flury alichapisha uchambuzi wa maandishi hayo, na tangu hapo wapo wanaoyafananisha na ya Siraf, Uajemi. Huenda mkono ulifunzwa huko. Lakini jiwe ni la bahari yetu. Matumbawe hayo yalikatwa majini yakiwa mabichi, yakachongwa yangali laini, kisha upepo ukayakausha yakawa magumu. Ukikosea, umekosea. Mimi nina kitambaa na mafuta ya taa vya kufutia kosa.

Msikiti ulijengwa upya mwaka 1184 Hijria. Mafundi wa wakati huo walilihifadhi jiwe la kale, wakaandika tarehe yao kwa mkono wao, bila kumwiga mtu. Fundi alilipenda hilo kuliko majani yote.

Kabla hatujatoka alinyoosha shubiri hewani, pasipo kugusa ukuta, akahesabu kimyakimya herufi na mapengo.

Jumatatu niliupaka ubao wangu rangi nyeupe, nikapiga mistari kwa chaki, nikaanza na herufi ya mwisho.