Feza ndani ya karte na telefone: kode ni ya mwenyewe

Zamani mshahara wa mwalimu ao wa polisi ulikuwa unakuja ndani ya mfuko, na kila mkono wenye mfuko ulipitia ulikata kidogo. Juu ya ile, mwaka 2011 serikali ya Kongo ilianza kulipa watumishi wake kupitia banki. Leo, hata kwa kazi za barabara za Fonds Social na kwa misaada ya PAM kwa wakimbizi wa vita, wengi wanapokea feza kwa karte ao kwa telefone. Mfuko umepunguka. Wakataji hawajaisha, wamebadilisha namna tu.

Karte yenyewe haina feza. Feza iko kwenye konti, na mwenye kushika karte pamoja na kode ya siri, mashine inamuona kama mwenyewe. Kwa telefone ni SIM na kode. Kwa hiyo mtu wa banki, wa projeti ao wa kabini hana kazi na kode yako hata siku moja. Ukitoa feza kwenye kabini, unaandika kode wewe mwenyewe kwenye telefone yako. Yeye anangojea mesaji kwake. Mwenye kusema «Mama, nipe kode nikusaidie, laini ni ndefu», mukatalie kwa heshima. Mzee asiyejua kusoma anaweza kufundisha kidole chake fasi ya zile tarakimu ine. Usichague mwaka wa kuzaliwa: umeandikwa kwenye karte ya kuchagua, na fotokopi za ile karte tunaziacha kila fasi.

Shida ingine inatoka kwa jina. Watu wengi wanatumia SIM yenye iliandikishwa kwa jina la shemeji ao la muuzaji wa barabarani. Siku ya kulipwa, jina la liste na jina la SIM hayapatane, feza inakwama. Na kama imeingia, yule mwenye jina anaweza kwenda kwenye kampuni, kusema SIM ilipotea, na kupewa ingine yenye numero yako. Rekebisha jina mbele ya kujiandikisha kwenye liste.

Halafu kuko Banque Lambert, jina lenye watu walipatia wakopeshaji wa mtaani. Mtumishi wa serikali anakopa, anaacha karte na kode kama rehani. Mwisho wa mwezi mkopeshaji anatangulia kwenye mashine, anakata deni na riba, anarudisha kile anataka. Pale hakuna mwizi wa kukimbiza. Ulimupa mlango na ufunguo. Deni likikubana, lipa kwa mkono, karte ibakie kwako.

Wa telefone wao wana ujanja wa zamani: mesaji inasema umepokea feza, nyuma kidogo mtu anapiga akilia, «Nilikosea numero, unirudishie». Angalia kwanza salio lako. Kama haikuongezeka, mesaji ni ya uongo. Kama iliongezeka kweli, mwambie apite kwenye kampuni. Wao ndio wanarudisha.

Kuandikwa kwenye liste ya msaada hakulipwe, hata franka moja, hata kama anayeomba ni chefu wa kartie. Ada ya kutoa feza iko, lakini uliza ni ngapi mbele ya kutoa. Banki zilipofungwa Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, noti zilikuwa haba na kuko kabini zilikuwa zinakata zaidi ya ada. Hesabu palepale, na dola iliyopasuka kidogo usiipokee: sokoni hawataitaka.

Ukiibiwa, fungisha SIM ao karte siku ileile. Mesaji usifute: saa na numero ya operesheni viko ndani, na ndivyo kampuni, banki ao komite ya malalamiko ya projeti itakuomba kwanza.