Siku Moja Kabla ya Muungano

Sikujua kama ni sikukuu. Nilitoka asubuhi kutafuta laini ya simu, nikakuta duka la kwanza limefungwa, la pili limefungwa, na pembeni mama mmoja anauza maua mekundu. Sisi Aprili yetu ni tarehe 26, Muungano. Ya Lisbon inaitangulia kwa siku moja: Aprili 25, 1974, maofisa vijana wa jeshi walimwangusha Marcelo Caetano, na udikteta wa miaka 48 ukaishia hapo.

Ua lile Wareno huliita cravo. Kamusi ya kwenye simu ikaniletea "karafuu", nikacheka peke yangu. Kumbe kwao neno ni hilo hilo kwa vyote viwili. Celeste Caeiro, mfanyakazi wa mgahawa, siku ile alikuwa anarudi nyumbani na maua ya sherehe iliyovunjika. Askari akamwomba sigara; hakuwa nayo, akampa ua, likachomekwa kwenye mtutu wa bunduki. Picha nzuri mno, na hapo ndipo penye tatizo. Inafunika mengine yote.

Mchana nilifuata msafara Avenida da Liberdade, watoto wamebebwa mabegani, wazee wanaimba. Mimi nilikuwa natafuta Afrika. Maana maofisa wale walichoshwa na vita vya miaka 13 vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na vya Msumbiji vilipangwa kwetu. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Eduardo Mondlane aliuawa Dar kwa bomu la kifurushi, Februari 3, 1969. Watu husema Lisbon iliwapa Waafrika uhuru. Mimi naona uhuru wa Lisbon wenyewe ulianzia porini.

Bibi yangu, mtu wa Newala, alikuwa akitusimulia jinsi walivyowapokea waliovuka Ruvuma usiku, watoto migongoni, na ugali uligawanywa hata usipotosha. Habari ya maua hakuwahi kuisikia.

Jioni nilipumzika Largo do Carmo, mbele ya kambi ambako Caetano alijisalimisha. Mzee mmoja mwenye ua kifuani akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Tanzania, nikamjibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno moja tu.

"Nachingwea."

Alilitamka sawasawa, kama mtu wa kusini. Akiwa na miaka 21 alikuwa askari Mueda, na jina hilo, aliniambia, walikuwa wakilisikia kambini kila siku. Nikamwambia wakati huo bibi yangu alikuwa ng'ambo ya pili ya mto.

"Alipona?"

Nikamwambia alipona, alifariki mwaka 2011, kwa uzee.

Akainamisha kichwa, akasema obrigado, asante, taratibu. Sikumuuliza alikuwa anamshukuru nani.